Tela la Kwanza: Mashauri kwa Mwenye Kuvuta Mzigo

Wakati wa mavuno ya mahindi, mtu akisimama kando ya barabara pale Chanika, kata ya mjini Handeni katika mkoa wa Tanga, hakosi kuona tela likipita. Laja likivutwa na trekta, au na pawatila, yaani ile mashine ndogo ya kulimia yenye magurudumu mawili na mikono mirefu ya kushikia. Juu ya tela yapo magunia, juu ya magunia wapo watu, na mbele kabisa, juu ya chuma kinachounganisha tela na mashine, ameketi kijana mmoja akining'iniza miguu. Wote wametulia. Mwendo ni wa pole, na jambo la pole huonekana kuwa halina hatari.

Makala haya yameandikwa kwa ajili ya mtu anayemiliki tela kwa mara ya kwanza, na kwa ajili ya mwalimu na mwanafunzi wanaotaka kuiona fizikia ikifanya kazi nje ya darasa. Jambo letu kubwa ni moja: tela halifuati tu. Mara huvutwa, mara husukuma, na mara huinua kile kinachokivuta. Mwenye tela anayejua ni wakati gani linafanya lipi ataishi nalo kwa amani. Asiyejua hufundishwa na mteremko, na mteremko ni mwalimu asiyerudia somo.

Mzigo kabla ya tela

Katika nchi ya Uzigua, ambamo Handeni imo, mzigo kwa muda mrefu ulisafiri juu ya kichwa na bega la binadamu. Sababu mojawapo ilikuwa mbung'o. Mdudu huyu hueneza vimelea vya ugonjwa wa nagana, ambao hudhoofisha na kuua ng'ombe, na penye mbung'o wengi si rahisi kufuga maksai wa kuvuta mkokoteni. Reli iliyoanzia Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902, lakini reli haiendi shambani. Kati ya shamba na stesheni bado alihitajika mchukuzi.

Trekta lilibadili mambo hayo kwa wachache, yaani mashamba makubwa, vyama vya ushirika na watu wenye uwezo. Mabadiliko yaliyowafikia wengi zaidi yalikuja baada ya mwaka 2009, Serikali ilipotangaza mwito wa Kilimo Kwanza na pawatila nyingi zikaanza kuonekana vijijini. Pawatila hulima kwa majuma machache tu katika mwaka; majuma mengine yote huvuta tela. Hivyo watu wengi ambao hawakupata kuendesha chombo chochote isipokuwa baiskeli walijikuta ghafla wakiongoza mzigo wa tani moja au zaidi. Mashine ilikuja na kitabu chake. Mteremko haukuja na kitabu.

Tela ni mizani

Tela la kawaida la magurudumu mawili lina ekseli moja. Chuma chake cha mbele, ambacho katika makala haya tutakiita mkono wa tela, hufungwa kwa pini nyuma ya mashine inayovuta. Wanafunzi watatambua mara moja kwamba huu ni wenzo. Ekseli ndiyo egemeo. Mzigo ulio mbele ya ekseli huushusha mkono wa tela, na mzigo ulio nyuma ya ekseli huuinua.

Tufanye hesabu. Tuseme umbali kati ya pini na ekseli ni mita 3, na mzigo ni magunia 10 ya kilo 100, yaani kilo 1,000. Ili hesabu iwe nyepesi, tuuache kando uzito wa tela lenyewe. Tuseme pia kwamba kitovu cha uzito, yaani pale ambapo uzito wote wa mzigo huweza kuhesabiwa kuwa umekusanyika, kiko sentimita 30 mbele ya ekseli. Momenti ya mzigo kuizunguka ekseli ni 1,000 mara 0.3, nayo ni 300. Ili mizani isimame, pini nayo itoe 300. Kwa kuwa iko umbali wa mita 3, inabeba kilo 100. Kwa hiyo pini imebeba sehemu moja katika kumi ya mzigo, na magurudumu ya tela yamebeba kilo 900 zilizobaki.

Sasa tuusogeze mzigo uleule hadi kitovu chake kiwe sentimita 30 nyuma ya ekseli. Hesabu haibadiliki ila alama yake. Pini sasa inavutwa kwenda juu kwa uzito wa kilo 100. Ikiwa mzigo ulipokuwa mbele pawatila ilikuwa ikiikanyaga ardhi kwa kilo 400, sasa inaikanyaga kwa kilo 200. Imepoteza nusu ya uwezo wake wa kushika barabara, na hakuna gunia hata moja lililoongezwa. Magunia yamehamishwa mwendo wa hatua moja tu ya mtoto.

Hapo ndipo shauri la kwanza linapozaliwa: kitovu cha mzigo kiwe mbele kidogo ya ekseli. Kidogo, kwa sababu kuzidisha kuna ubaya wake pia. Mzigo mzito mno juu ya pini huikandamiza nyuma ya trekta, na magurudumu ya mbele, ambayo ndiyo ya kuongozea, huwa mepesi hata usukani ukapoteza kazi yake. Kwa matela yanayovutwa na magari madogo, waundaji wengi hushauri pini ibebe kati ya sehemu 5 na sehemu 15 katika kila 100 za uzito wa tela na mzigo wake. Tela la trekta huweza kuundwa ili pini ibebe zaidi ya hapo. Kwa hiyo mwenye tela asome kwanza maagizo ya muundaji. Tela la magurudumu manne lina hesabu nyingine, kwa maana lasimama lenyewe na pini yake haibebi uzito.

Shauri la pili latokana na la kwanza. Pakia kuanzia mbele, na pakua kuanzia nyuma. Watu wengi hupakua magunia yaliyo karibu nao bila kufikiri. Magunia ya mbele yakiondoka kwanza, mzigo uliobaki nyuma huuinua mkono wa tela kwa ghafla. Kama pini imekwisha kuchomolewa, chuma hicho hupanda kwa nguvu ya kumvunja taya aliyeinama juu yake.

Shauri la tatu lahusu lumbesa. Gunia lililovikwa kilemba huhesabiwa kuwa moja, lakini uzito wake huizidi sana kilo 100. Mwenye tela akihesabu idadi ya magunia badala ya uzito, hajui amebeba nini. Tela lililokusudiwa kilo 1,000 likipewa lumbesa kumi limekwisha kupita kiasi chake kabla ya abiria wa kwanza kupanda.

Mteremkoni

Kwenye tambarare mashine hulivuta tela. Mteremkoni tela huisukuma mashine. Badiliko hili halitoi sauti, wala halionekani kwa macho ila kwa mtu anayeitazama pini ikihama kutoka upande mmoja wa tundu lake kwenda upande wa pili.

Tuchukue mfano wa pawatila na tela lake, uzito wa vyote pamoja na mzigo ukiwa kilo 1,800. Kati ya hizo, kilo 400 zinayaangukia magurudumu ya pawatila na kilo 1,400 magurudumu ya tela. Mteremko hushuka mita 1 kwa kila mita 10. Mvua imenyesha, na barabara ya udongo inateleza, hata msuguano mkubwa kabisa unaoweza kupatikana kati ya tairi na ardhi ni sehemu 3 katika 10 za uzito unaoikanyaga.

Kani inayouvuta msafara huu kwenda chini ni sehemu moja katika kumi ya uzito wake wote. Uzito wa kilo 1,800 ni kama nyutoni 18,000. Kwa hiyo kani ni nyutoni 1,800. Ugumu wa tairi kuviringika watusaidia kidogo. Tuukadirie kuwa nyutoni 300. Zimebaki nyutoni 1,500 za kuzuiwa. Je, pawatila yaweza kuzizuia? Magurudumu yake yanaikanyaga ardhi kwa nyutoni 4,000, na sehemu 3 katika 10 za hizo ni nyutoni 1,200. Haiwezi. Dereva aweza kuwa hodari, injini yaweza kuwa mpya, lakini magurudumu yatateleza na tela litashuka likiisukuma pawatila mbele yake. Hapo si suala la ushujaa tena. Hesabu imekwisha kukataa.

Sasa tulipe tela breki zake. Magurudumu yake yanaikanyaga ardhi kwa nyutoni 14,000. Sehemu 3 katika 10 ni nyutoni 4,200. Tukijumlisha na zile 1,200 za pawatila, tunapata nyutoni 5,400 za kuzuia nyutoni 1,500. Uzito uleule uliokuwa adui umekuwa mlinzi, kwa sababu ndio unaozikandamiza tairi zilizofungwa breki. Matela mengi ya pawatila hutoka kiwandani yakiwa na breki ya mguu, lakini baadhi ya yale yanayoundwa katika karakana za mitaani hayana. Anayenunua tela aulize breki kabla ya kuuliza rangi.

Iko hatari nyingine mteremkoni, ambayo ni ya pawatila peke yake, nayo imewashangaza madereva wengi. Pawatila hukata kona kwa klachi mbili ndogo zilizo chini ya mikono ya kushikia. Ukibana ya kushoto, gurudumu la kushoto huachiliwa na injini. La kulia huendelea kusukuma, na chombo hugeukia kushoto. Hivyo ndivyo ilivyo kwenye tambarare. Mteremkoni injini haisukumi, inazuia. Ukibana klachi ya kushoto, gurudumu la kushoto huachwa huru, nalo hukimbia kuliko la kulia ambalo bado limeshikwa na injini. Chombo hugeukia kulia! Dereva aliyetaka kukwepa shimo lililo upande wa kulia hujikuta akiliendea. Akishtuka hubana zaidi, naye huzidi kupotea. Kwa hiyo mteremkoni klachi hizo zisiguswe. Punguza mwendo, na geuza mikono ya kushikia kwa nguvu ya mwili.

Kwa madereva wote, wa trekta, wa pawatila na wa gari, kanuni ya mteremko ni hii: chagua gia ndogo kabla ya kuanza kushuka, ile ambayo ungeitumia kukipanda kilima hicho hicho, wala usiendeshe gia ikiwa huru. Mwenye trekta ahakikishe kwamba pedali zake mbili za breki zimeunganishwa kwa komeo kabla ya kuingia barabarani. Zikiachwa mbalimbali, kama shambani, mguu huweza kukanyaga moja tu. Trekta litageuka upande, na tela litaendelea mbele na kujikunja juu yake kama kiwiko cha mkono.

Mtu asidhani kwamba breki hazichoki. Tela na trekta vyenye tani 3 vikishuka kilima chenye kimo cha mita 50, hupoteza nishati ya jouli 1,500,000. Nishati haipotei bure, hugeuka joto. Joto hilo latosha kuchemsha karibu lita 5 za maji yaliyotoka kisimani. Sehemu yake huchukuliwa na injini na msuguano wa tairi, na inayobaki huingia katika vyuma vya breki. Breki zilizopata moto sana hupunguza nguvu zake. Ndiyo maana gia ndogo inahitajika: injini ichukue kazi, breki ipumzike.

Mahali pa kufungia, na mahali pa kuketi

Trekta limeundwa livute mzigo kutoka chini, penye chuma maalumu kilicho chini ya ekseli ya nyuma. Dereva mwenye haraka, aliyekwama matopeni, hushawishika kuufunga mnyororo juu zaidi. Huo ni mwanzo wa maafa. Kani ya kuvuta ikiwa juu ya ekseli, trekta hujaribu kujiinua mbele na kuzunguka ekseli yake ya nyuma. Likishaanza kupinduka kwa nyuma, muda wote hadi kumfunika dereva hauzidi sekunde mbili. Hakuna binadamu awezaye kuona, kufikiri, kukanyaga klachi na kuruka kwa muda huo.

Sasa tumrudie yule kijana aliyeketi juu ya mkono wa tela. Yuko kati ya mashine na mzigo, na nyuma yake tu ndiyo njia ya magurudumu ya tela. Mashine ikisimama ghafla au ikiingia shimoni, mwili wake huendelea na mwendo uleule uliokuwa nao. Tabia hiyo ya kila gimba kukataa kubadili mwendo wake ndiyo iitwayo inesha. Hana cha kushika. Akianguka, huangukia mbele ya gurudumu, na dereva aliyempa mgongo hatajua mpaka atakapohisi tela limepanda kitu. Kwa mwendo wa kilomita 15 kwa saa, chombo hukata mita 4 kwa kila sekunde. Tela litakuwa limekwisha kupita kabla ya ukelele kumfikia dereva.

Walioketi juu ya magunia hawako salama zaidi. Wao hukiinua kitovu cha uzito, na chombo chenye kitovu kilicho juu hupinduka katika kona ambayo chombo kilekile kikiwa kitupu kingeipita bila shida. Mkono wa tela si kiti, na gunia si benchi. Mwenye chombo ndiye mwenye amri, na ni heri alaumiwe kwa uchoyo wa nafasi kuliko kuitwa msibani.

Kuyumba kwa tela barabarani

Barabara ya kutoka Handeni kwenda Korogwe, yenye urefu upatao kilomita 65, sasa ni ya lami. Lami imeleta faida nyingi, nayo imeleta mwendo. Mtu anayevuta tela kwa gari dogo la mizigo, tofauti na mwenye trekta, aweza kufikia kilomita 80 kwa saa bila kutambua. Katika mwendo huo tela huweza kuanza kuyumba kushoto na kulia kama mkia wa samaki, na kila myumbo ukawa mkubwa kuliko uliotangulia.

Chanzo kikubwa ni kilekile tulichokwisha kukihesabu: kitovu cha uzito kikiwa nyuma ya ekseli. Upepo wa basi linalopita, au shimo moja dogo, hulisukuma tela pembeni. Mzigo ulio nyuma hukataa kurudi, na unaporudi hupita kiasi. Mwendo nao huongeza madhara, kwa kuwa nishati ya mwendo huongezeka mara nne mwendo unapoongezeka mara mbili.

Tela likianza kuyumba, usikanyage breki kwa nguvu, wala usiukimbize usukani kushoto na kulia ili kulifuata. Shika usukani unyooke, ondoa mguu polepole katika mafuta, na liache gari lipunguze mwendo lenyewe. Likitulia, simama mahali salama na uhamishe mzigo mbele. Usiseme, "Nitakwenda taratibu mpaka nyumbani." Tela lililoyumba limekupa taarifa, na taarifa hiyo haitarudiwa kwa upole.

Tela la kulala

Liko tela la namna nyingine, ambalo kwetu bado ni adimu: tela lenye kitanda, jiko na tangi la maji, linalovutwa na gari ili mwenyewe alale popote afikapo. Watalii hulitumia, na wanaofanya kazi mbali na miji, kama vile watafiti na wajenzi wa barabara, huweza kulihitaji. Huko Uingereza, daktari na mwandishi William Gordon Stables alijengewa gari la aina hii mwaka 1885, likavutwa na farasi, akazunguka nalo nchini mwake kwa ajili ya mapumziko tu. Farasi wamekwisha kuondoka, lakini sheria za mzigo zimebaki zilezile.

Anayelimiliki kwa mara ya kwanza akumbuke kwamba lita moja ya maji ni kilo moja. Tangi la lita 100 lililo mita 1.5 nyuma ya ekseli, pini ikiwa mita 4 mbele ya ekseli, huipunguzia pini uzito wa karibu kilo 38. Aliyepima uzito tangi likiwa tupu, kisha akalijaza kisimani, anaendesha tela asilolijua.

Vitu vizito vikae chini na karibu na ekseli. Haitoshi kuweka kizito kimoja mbele kabisa na kingine nyuma kabisa ili mizani isimame. Aliyepata kubeba mzega wa maji anajua sababu. Madebe mawili yaliyoning'inia katika ncha za mti yamelingana, na bega halielemewi upande. Lakini jaribu kugeuka upesi. Ni vigumu kuanza kugeuka, na ni vigumu zaidi kusimama ukishageuka. Tela lenye vizito katika ncha zake lina tabia hiyo hiyo likianza kuyumba.

Jambo la mwisho juu ya tela la kulala halihusu mwendo, ila limewaua watu wengi katika vyumba vidogo. Usiingize jiko la mkaa ndani ya tela ili kuondoa baridi, hata likiwa limekwisha kuwa majivu mekundu. Mkaa unaowaka penye hewa kidogo hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Gesi hiyo hushikamana na chembe nyekundu za damu kuliko oksijeni, na aliyelala haamki kuomba msaada. Madirisha ya hewa yasizibwe, na jiko libaki nje.

Kabla ya kuondoka

Ukaguzi wa tela hauchukui dakika kumi, nao wafaa uwe desturi kama kunawa mikono kabla ya kula.

Tazama pini kama imeingia hadi mwisho, na kama kibano kinachoizuia kuchomoka kipo. Msumari uliopindwa si kibano. Funga minyororo miwili ya akiba, ikipishana chini ya mkono wa tela, ili pini ikikatika mkono usishuke kuchimba barabara. Kaza nati za magurudumu. Pima upepo wa tairi. Tairi laini hupata moto, na tairi iliyopata moto hupasuka. Baada ya kilomita chache za kwanza, simama uguse kitovu cha kila gurudumu kwa uangalifu. Kikiwa cha moto kuliko kile cha upande wa pili, huenda beringi imekosa grisi au breki imenasa. Vioo vyekundu vya kuakisi mwanga viwepo nyuma, na taa ziwake, kwa maana tela jeusi usiku ni ukuta uliosimama barabarani. Weka ndani ya tela kabari mbili za mbao, na usichomoe pini kabla ya kuziweka mbele na nyuma ya gurudumu, hata penye tambarare.

Kurudi nyuma huwasumbua wanagenzi wote, nako hufuata kanuni nyepesi. Ukitaka nyuma ya tela iende kushoto, nyuma ya gari sharti ianze kwenda kulia, kwa sababu tela huzunguka juu ya ekseli yake kama wenzo. Jifunze uwanjani mchana, tela likiwa tupu, na mtu mmoja asimame pembeni mahali unapoweza kumwona. Asisimame nyuma kamwe.

Jaribio la darasani

Shule haihitaji trekta ili kuthibitisha haya. Chukueni ubao wa urefu wa sentimita 30, ufungieni magurudumu mawili ya mbao au ya ndala zilizochakaa, ekseli ikiwa katikati. Pigilieni mkono wa mti mbele, ncha yake ikiwa sentimita 30 kutoka kwenye ekseli. Ining'inizeni ncha hiyo kwenye mizani ya springi hadi ubao ukae sawa, na mwandike mizani inavyosoma ubao ukiwa mtupu. Kisha wekeni mfuko wa mchanga wa kilo 1 hasa juu ya ekseli, halafu usogezeni mbele sentimita 3. Kabla ya kusoma mizani, kila mwanafunzi aandike jibu analolitarajia. Mizani iongezeke kwa sehemu moja ya kumi ya kilo, yaani karibu nyutoni 1.

Kwa jaribio la pili, ufungeni mkono huo kwa msumari ulio legevu nyuma ya kigari kingine cha kuchezea, na muuachilie msafara huo ushuke kwenye ubao mrefu ulioinamishwa. Fanyeni hivyo mara tano mfuko ukiwa mbele ya ekseli, na mara tano ukiwa nyuma, kila mara mkiligusa tela kidogo kwa kijiti pembeni likiwa katika mwendo. Andikeni ni mara ngapi lilinyooka na ni mara ngapi lilipotoka njiani.

Maswali ya kujadili

1. Katika mfano wetu wa magunia 10, mtu wa kilo 70 akiketi nyuma ya tela, mita 1.5 kutoka kwenye ekseli, pini itabeba kilo ngapi?

2. Katika mfano wetu wa mteremko wenye mvua, ni kilo ngapi za mzigo zingepunguzwa ili pawatila iweze kulizuia tela lisilo na breki? Chukueni kwamba uzito unaoyaangukia magurudumu ya pawatila haubadiliki, na kwamba ugumu wa kuviringika unabaki nyutoni 300.

3. Kwa nini kabari huwekwa kabla ya kuchomoa pini, na siyo baada yake?

Jibu la swali la kwanza ni kilo 65. Jibu la la pili ni kilo 300, yaani magunia matatu ya halali. Mwenye tela atakayeyaacha magunia hayo matatu Chanika, akarudi kuyachukua kesho yake, atakuwa amepoteza safari moja tu. Na kabla ya kuwasha injini, ageuke nyuma amtazame yule kijana aliye juu ya mkono wa tela, amwambie ashuke.